Tupeane uzoefu: namna ya kuchagua mahali pa kukaa kwenye tamasha kubwa la muziki

Mkazi wa Mwanga (Kigoma):
Ndugu zangu, kila tamasha kubwa linapotangazwa hapa Kigoma, mjadala huwa ni nani anakuja kuimba na kiingilio ni shilingi ngapi, na ni nadra mtu kuuliza atakaa wapi. Naomba tuliopata kuhudhuria matamasha makubwa, yawe ya hapa Uwanja wa Lake Tanganyika, ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kule Tabora au ya mbali zaidi, tuelezane tulivyochagua mahali pa kukaa na tulichokiona na kukisikia kutoka hapo.

Naanza mimi. Nikiingia uwanjani, kabla hata ya kulitazama jukwaa, naitafuta meza ya fundi mitambo, ile inayozungushiwa uzio katikati ya watu ikilielekea jukwaa. Fundi hupanga uzito wa besi, ukali wa sauti ya mwimbaji na kiasi cha kila ala kwa kusikiliza kutoka hapo alipo, kwa hiyo aliyekaa karibu naye huusikia muziki kama ulivyokusudiwa. Aliye mbele kabisa, hasa pembeni, hupigwa na spika za upande mmoja. Na kwa kuwa spika kuu hutundikwa juu na kuelekezwa kwa walio mbali, mara nyingi sauti ya mwimbaji humpita kichwani, akabaki na besi inayotoka kwenye masanduku ya chini. Ndiyo maana utamsikia mtu wa mstari wa mbele akilalamika kwamba maneno hayakusikika, wakati mwenzake wa katikati aliyasikia yote.

Jambo jingine, ambalo sisi wa Kigoma tunapaswa kulifikiria kuliko wenzetu wa Dar es Salaam, ni jua. Nchi nzima tunafuata saa ileile, lakini sisi tuko magharibi kabisa, na jua letu huzama takriban dakika 40 baada ya lile la Dar es Salaam. Tamasha likianza saa kumi na moja jioni, anayekaa akilitazama ziwa atakuwa na jua machoni kwa karibu saa mbili. Mimi huuliza mapema jukwaa limejengwa upande gani, na jibu likiwa ni magharibi, natafuta mahali penye kivuli au nachelewa kuingia kwa makusudi.

Mama wa Isevya (Tabora):
Asante kaka kwa kulileta hili. Mimi huenda na wanangu, na mahali pazuri kwangu ni pale ninapoweza kutoka bila kukanyaga watu. Nakata tiketi ya mzunguko, naingia mapema, nakaa mwishoni mwa mstari, jirani na mlango lakini si mlangoni penyewe, kwa sababu watu wakianza kusukumana hujazana hapo hapo. Spika sizikaribii kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 unaotaka wastani wa sauti kwenye kumbi na matamasha usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, na huo ni mwongozo uliowafikiria watu wazima na vijana, sembuse mtoto wa miaka sita. Wanangu huwavalisha viziba masikio vya kufunika sikio lote, kwa kuwa pamba ya kawaida haizuii sauti inavyotakiwa. Nawasihi sana wazazi wenzangu mlitazame hili, maana usikivu wa mtoto ukiharibiwa na kelele hautibiki.

Fundi wa Ujiji:
Nimefanya kazi ya mitambo kwa miaka mingi, na naunga mkono aliyoyasema mleta mada, isipokuwa naongeza sharti moja. Masanduku ya besi yakipangwa mafungu mawili, kushoto na kulia kwa jukwaa, sauti zake hukutana na kuongezana kwenye mstari wa katikati, kisha hufifishana ukisogea pembeni. Aliyeketi katikati kabisa anaweza kuzidiwa na besi, na akisogea hatua chache tu atapata uwiano mzuri zaidi.

Kuna suala la umbali pia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 100 kutoka jukwaani anaona mdomo wa mwimbaji ukifunguka, na sauti inamfikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Kwenye viwanja vikubwa tunasimamisha minara ya spika katikati ya watu na kuichelewesha kwa makusudi, ili sauti yake iende sambamba na ile inayofika kutoka jukwaani. Usipoiona minara hiyo na uwanja ni mpana, usikae nyuma kabisa, hata kama ndiko kwenye nafasi.

Hapa kwetu upepo nao una lake. Mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Sauti inayokwenda na upepo hufika mbali ikiwa safi, lakini inayokwenda kinyume hupindishwa kuelekea juu na kuwapita wasikilizaji.

Kijana wa Kibirizi:
Heshima kwenu wakubwa, lakini mimi nitaendelea kwenda mbele kwenye uzio. Ni mfupi wa kimo, na nikiwa katikati naona migongo tu. Ninachokifuata ni kumwona msanii usoni.

Msafiri wa Kasulu:
Mimi nimepata kuhudhuria tamasha Kigali, kwenye ukumbi wa BK Arena uliofunguliwa mwaka 2019 na unaochukua watu wapatao 10,000. Ukumbi uliofunikwa ni tofauti na uwanja wa wazi: jua na upepo havikuhusu, ila kuta na paa hurudisha sauti, na anayekaa nyuma kabisa chini ya dari husikia mwangwi zaidi. Nilichagua kiti cha mstari wa kwanza wa ngazi ya juu, mkabala na jukwaa, kwa sababu mbele yako hakuna kichwa cha mtu. Viti vya ubavuni mwa jukwaa huvutia kwenye ramani kwa kuwa viko karibu, lakini unamtazama msanii kwa upande, na huenda skrini usiione.

Dada wa Isevya, nina swali: kwa mzee anayetembelea mkongojo ungeshauri nini?

Mama wa Isevya (Tabora):
Mpigie mwandaaji kabla ya kununua tiketi, umuulize kama kuna lango lisilo na ngazi na kama viti vya jukwaa kuu la watazamaji vina mahali pa kuegemea. Mwingize mapema, na mtoke nyimbo mbili kabla ya mwisho, wakati njia bado ni nyeupe na bajaji zinapatikana.