Tupeane uzoefu: ponti ya nyuma inalia na hatujui inalia wapi

Shofere wa Sake (Goma)

Jambo ndugu zangu na dada zangu. Nina Hilux ya kazi, inashusha viazi na maharagwe kutoka Mushaki, inapita Sake mpaka Goma. Sasa ni wiki ya tatu nyuma kunalia. Nikifika kilomita 40 kwa saa kunaanza mvumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Nikifika 60 unageuka mluzi. Kijana wangu anayekaa juu ya magunia anaapa kwamba sauti inatoka gurudumu la kushoto, nami nikamsadiki. Nikanunua beringi ya kushoto, tukafunga, sauti ni ileile. Nikanunua na ya kulia. Ileile! Makuta ya safari nne yamekwisha hivyo, na ada ya shule ya watoto bado inanisubiri.

Kabla sijanunua kitu kingine, naomba aliyewahi kuteswa na ponti, kile chuma kirefu kinachobeba magurudumu ya nyuma, atusimulie: ililia vipi, wakati gani, na mwisho mlikuta nini. Tafadhali msiniambie tu nibadilishe difu nzima, yale meno ya katikati ya ponti.

Fundi wa Ndosho (Goma)

Pole sana, mdogo wangu. Usimlaumu kijana. Ponti ni chuma kimoja kirefu, sauti inazaliwa katikati na inatokea pembeni. Ndiyo maana mteja akija, kabla sijashika spana namuuliza: inalia ukikanyaga mafuta tu, au hata ukiachia? Ukikata kona inabadilika? Beringi ya gurudumu ikiharibika mara nyingi inajitaja yenyewe kwenye kona, kwa sababu ukikata kushoto uzito wote unakwenda kulia, na beringi ya kulia inanguruma zaidi. Ukikata kulia inapoa. Wewe hukutuambia habari ya kona.

Nikupe moja yangu. Ililetwa pikapu inayokwaruza, krrr, krrr, mara moja kila gurudumu linapozunguka. Ukitoa gia ukaiacha iteleze, bado inakwaruza kwa mwendo uleule. Basi nikajua injini na difu hazina kesi. Nikafungua dramu ya breki upande wa kulia, nikakuta jiwe la volkano dogo kama punje ya mahindi, limebanwa kati ya dramu na bamba la nyuma yake. Lilikuwa limechora mstari unaong'aa kuzunguka chuma chote. Mji wetu mnaujua: mto wa moto wa 2002 ulipita katikati yake, na ule wa Mei 2021 ukakata barabara ya Rutshuru. Changarawe nyeusi tunaishi nayo, na magari yetu pia. Nilitoa jiwe, nikasafisha, nikafunga. Mwenye gari alikuwa tayari ameshanunua beringi mbili kama wewe, na zile za zamani alizitupa zikiwa nzima. Iliniuma.

Mama wa Soko la Virunga (Goma)

Mimi siyo fundi, nina pikapu ya makala na shofere wangu. Yetu haikuvuma. Ilikuwa inagonga: ukitoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, kok! Ukianza kupanda mlima, kok! Kisha ikaongeza kulia kama panya, taratibu, tukitembea polepole. Walitaka kufungua difu, nikakataa kwa sababu sikuwa na makuta. Mzee mmoja jirani akaingia chini, akashika propela shafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, kwa mikono miwili, akaitikisa. Ilikuwa krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye shafti. Kofia zake zilikuwa na vumbi jekundu la kutu, grisi ilikauka zamani. Krosi moja mpya, mambo yakaisha.

Mwana Bukavu

Sisi wa huku shida yetu ni maji. Nilishuka mlima wa Ngomo kwenda Uvira msimu wa mvua, na kule bonde la Ruzizi nikavuka kijito kilichofurika, maji yakafunika magurudumu nusu. Baada ya mwezi, ponti ikaanza kunguruma.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi hawajui. Juu ya ponti kuna tundu dogo la kupumulia, lina kofia. Ukitembea, oili inapata moto na hewa ya ndani inapanuka, inatokea pale. Ukiingia kwenye maji baridi ghafla, hewa inajikunja na ponti inavuta pumzi. Kama tundu limezibwa na udongo, itavutia penye sili za magurudumu (zile pete za mpira zinazozuia oili), na itavuta maji. Nilipofungua boliti ya chini, ilitoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Beringi za difu zilikuwa na madoa ya kutu. Sasa kila nikivuka maji mengi nafungua kukagua rangi, na tundu nililipandisha juu kwa mpira mrefu.

Na mkitaka kumwaga oili, fungueni kwanza boliti ya juu ya kujazia. Ikikataa kufunguka wakati mmeshamwaga, mtajaza kwa wapi?

Wa Lubumbashi

Kwangu ilikuwa tairi tu. Kwenye lami ya Likasi inavuma, kwenye udongo kimya. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukihisi mabonde na vilima, hamishia za nyuma mbele. Sauti ikihama nayo, umepata jibu bila kununua kitu.

Shofere wa Sake (Goma)

Aksanti sana, nyote. Nimefanya moja moja, na nimepata.

Kona: hakuna mabadiliko. Tairi nilizihamisha, sauti ikabaki nyuma. Halafu nikafanya aliloniuliza Papa wa Ndosho. Kwenye tambarare kabla ya kuingia mjini nilikanyaga mafuta, ikapiga mluzi. Nikaachia, ikanyamaza kabisa. Nikakanyaga, ikarudi. Wiki tatu nzima sikuwahi kuitazama hivyo!

Jana tulikwenda kwake. Tukaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, tukainua nyuma juu ya stendi mbili imara, siyo jeki peke yake. Gari ikazungushwa kwa gia, polepole. Papa akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ponti, mpini kwenye sikio, akapima karibu na kila gurudumu, kisha penye shingo ya difu, pale propela shafti inapoingia. Gari ilipozimwa alinipa bisibisi, akaniwashia tena nisikilize mwenyewe. Pembeni laini. Kwenye shingo, kama mtu anayesaga mahindi.

Tukazima tena, tukafungua boliti ya kujazia. Oili inatakiwa kufika mdomoni mwa tundu. Mimi niliingiza kidole chote kabla ya kuigusa, na kidole kilitoka na vipande vinavyong'aa kama magamba ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sili ya pinyoni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela shafti, ilikuwa inavuja miezi mingi, na vumbi la njia lilikuwa linanywa oili yote, ndiyo maana chini ya gari sikuona hata tone.

Fundi wa Ndosho (Goma)

Niongeze kwa mafundi vijana. Beringi mbili za pinyoni tumebadilisha, pamoja na sili. Kati yake kuna bomba jembamba linalojikunja ukikaza nati. Likishajikunja kupita kiasi halirudi, basi wekeni jipya, na mkaze kidogo kidogo huku mnazungusha kwa mkono. Msipige nati kwa nguvu zote kama ya gurudumu.

Shofere wa Sake (Goma)

Imebaki sauti nyembamba nikifika 60. Papa amenionyesha kwamba meno ya pinyoni na ya krauni, gia kubwa inayozungushwa nayo, yameshalika pamoja kidogo, na kwamba yatakwenda hivyo kama oili haikosi. Zile beringi mbili za zamani za magurudumu nimeziosha, nimezipaka grisi na kuzifunga kwenye nailoni. Kesho saa kumi na moja alfajiri napanda Mushaki.