Tupeane uzoefu: utafiti umekusaidia wapi katika kazi ya ustawi wa jamii, na umekuangusha wapi?

Bi_Mtongwe

Assalaam aleikum jamaa. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, mingi yake upande wa Likoni, Mombasa. Naanza na aibu yangu ili nanyi msione haya kuleta zenu.

Tulipata pesa za kuwainua mama karanga wa Mtongwe, wale wanawake wanaokaanga samaki na kuuza. Tukakaa ofisini, tukaamua wenyewe kwamba samaki wao wanaoza, basi wanahitaji friza. Kijana mmoja mgeni kazini akauliza kama hatungeenda kwanza tukawasikize. Aliyemjibu kuwa muda hatuna, pesa za mfadhili zitarudi, ni mimi.

Miezi minne baadaye nikapita kwa bibi mmoja. Friza iko sebuleni, imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake ua la plastiki. Nikaifungua nikakuta sare za shule za wajukuu, zimekunjwa vizuri kabisa. Bibi akacheka: "Mwanangu, hiki kilikuwa kinakula tokeni za umeme kuliko sisi tunavyokula ugali."

Ndipo nikakaa mkekani nikamuuliza siku yake inakwendaje. Kumbe kwake samaki haozi. Anamnunua alfajiri, na ikifika isha ameshakaangwa na ameisha. Shida iko pale alfajiri. Ngalawa zikitia nanga yeye hana pesa mkononi, na mvuvi naye ana deni kwa tajiri aliyempa nyavu. Samaki wa maana wote wanakwenda kwa tajiri, bibi anaokota wa mwisho, tena kwa bei ya kukopa. Yote hayo niliyapata kwa dakika arubaini na kikombe cha tangawizi.

Leteni zenu.

Chungu_Kimoja

Dada umenichekesha na sare za shule. Mimi kazi yangu ni kuhoji tu, ripoti huandika wakubwa.

Mara ya kwanza kupewa hojaji ilikuwa Majengo. Imetungwa kwa Kizungu, ikafasiriwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kulala nyumba ya Kiswahili. Swali la tatu: "Nyumba yako ina watu wangapi?" Mama ananijibu 23. Naandika. Mlango wa pili, 23. Mlango wa tatu, 23. Kufika wa nne nikapata akili: ni nyumba moja, ukumbi mmoja, vyumba sita, na kila chumba kina mpangaji wake na jiko lake la makaa. Wamenijibu nilichouliza. Nyumba ina watu 23! Tulipobadilisha tukauliza "mnaokula chungu kimoja mko wangapi", majibu yakaja 4, 3, 6, hata 1.

Lakini lililonikaa moyoni ni jingine. Tulikuwa tunauliza wanawake kama waume zao huwapiga. La, la, la, karatasi nzima. Mimi nikasema mashallah, mtaa huu una amani. Hadi msichana mmoja wa Kibokoni, mkono umefungwa bendeji, akaniambia bila kupepesa: "Hanipigi. Hunirudi tu nikikosa."

Hunirudi. Kwake kupigwa ni kwa adui, na mume humrudi mkewe, yaani humtia adabu, kama baba anavyomrudi mwana. Nilirudi ofisini nikawaambia hizi karatasi zote tupa. Hawakutupa, ripoti ilikuwa na tarehe yake. Ila duru iliyofuata tuliuliza kitendo kimoja kimoja: alikusukuma, alikuvuta nywele, alikurushia kitu. Na tukauliza mama mkwe akiwa hayupo barazani, maana hilo nalo tulilisahau mara ya kwanza.

Mwalimu_Tudor

Chungu_Kimoja, hiyo ya "kurudi" nitawapa wanafunzi wangu kwa ruhusa yako.

Mimi naleta kisa cha mbali, ila kila mwaka nikikifundisha darasa hunyamaza. Kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1939 walianza mradi wa kuwazuia wavulana wa mitaa maskini wasiingie uhalifu. Walikuwa wavulana 506, nusu wakapewa mlezi wa kuwatembelea, masomo ya ziada, kambi za likizo, matibabu. Nusu nyingine wakaachwa na maisha yao ya kawaida. Nani aingie kundi gani, ikarushwa sarafu. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawasaka, na mwaka 1978 akachapisha alichokipata. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, na wengine waliwakumbuka walezi wao kwa mapenzi. Lakini alipolinganisha kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi: uhalifu wa kurudia, ulevi, maradhi ya akili, kufa mapema.

Bila lile kundi la pili la kulinganisha nalo, mradi ule ungeandikwa kuwa umefaulu. Shukrani za watu zingetosha kuwa ushahidi. Sisi huku tunafunga ripoti ngapi kwa picha ya mama anayetabasamu?

Hamali_Mstaafu

Mwalimu nakuheshimu, lakini huku mtaani sisi ni kuulizwa tu. Kila mwaka anakuja binti wa chuo na karatasi zake, anauliza naishi na shilingi ngapi kwa siku, anaandika, anasema asante mzee. Digrii anachukua yeye. Mimi nabaki na soda. Hizo pesa za kuniuliza kama nina njaa si mngeninunulia unga?

Maskani_Kisauni

Mzee Hamali anasema kweli, na mimi niko upande wake wa kalamu. Nimetumia unga, ule wa heroini, miaka kumi na moja, sasa nakunywa methadoni, dawa ya kuuachia. Nimehojiwa mpaka nimejua majibu wanayoyapenda. Ukisema umeshachangia sindano wanaandika haraka haraka, ukisema hujachangia wanachoka kusikiliza. Mimi nasema lile la kuandikwa haraka, napewa nauli, nakwenda zangu. Kwa hivyo mkisoma ripoti za zamani, nusu ya uwongo ule ni wangu, mnisamehe.

Ila utafiti mmoja ulikuwa tofauti. Watu wa kituo kimoja walikuwa wanalalamika kuwa wagonjwa wa ng'ambo ya Likoni wanaruka siku. Na methadoni si ya kuruka: inanywewa kila siku mbele ya muuguzi, ukikosa, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inakukumbusha. Kwenye faili walikuwa wameandikwa "hawana nia". Safari hii wakatufundisha sisi wenyewe tulioacha, tukaenda maskani kuwahoji wenzetu. Mtu hamdanganyi aliyelala naye kibarazani. Kumbe feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure, shida inaanza akishashuka. Matatu mpaka Kisauni, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, kwa mtu asiye na kazi. Na aliyepata kibarua cha alfajiri akimaliza kazi, kituo kimeshafunga. Nia wanayo, nauli hawana.

Baadhi wakaanza kupewa nauli. Si wote. Lakini sasa foleni ya asubuhi naona sura zile zile.

Naona_Haya

Langu fupi, na sijawahi kumwambia mtu. Niliacha daftari la mahojiano ndani ya tuktuk, Bombolulu. Majina kamili, nani ana virusi vya UKIMWI, nani anaishi na nani. Dereva alikuwa wa mtaa ule ule. Alilirudisha kesho yake, mwaminifu, ila alikuwa ameshalisoma, nilijua kwa jinsi alivyonitazama. Mama mmoja alihama. Siku hizi ni namba tu, na karatasi ya kuoanisha namba na majina haitoki kabatini. Watu wanaiogopa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kwa faini. Mimi namuogopa yule mama.

Mikindani_Mama

Pole sana dada.

Mzee Hamali, nikujibu kwa heshima. Hapa kwetu Owino Uhuru akina mama walilia miaka. Watoto wanaumwa tumbo, mimba zinatoka, kuku wanakufa, na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu unatuingia mdomoni. Tukiambiwa ni umaskini, ni uchafu wetu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale pale, mwanawe akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi, yale ya betri, kwenye damu. Watoto wa mtaani nao walipopimwa na risasi ikaonekana, kilio kikawa ushahidi. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama hapa Mombasa ikatuamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, japo rufaa zake ziliendelea hadi Mahakama ya Juu. Bila ile damu kwenye chupa tungekuwa bado ni wanawake wa kelele.

Mtu_wa_Usiku

Nami niongeze la watoto wa mitaani. Hesabu ya kitaifa ya 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani, Mombasa 7,529, ya pili baada ya Nairobi. Mkinukuu hizo namba kumbukeni kuhesabu kwenyewe kulivyo. Sisi tuliwahi kufanya hesabu yetu ndogo, na kila mhesabu alibeba mkate wa kufungulia mazungumzo. Kijana mmoja akajiita Messi upande wa feri, Ronaldo pale Marikiti, na Mwembe Tayari akawa Salah. Mikate mitatu, watoto watatu kwenye karatasi.

Tukarudia saa sita usiku, bila mkate. Wengi wa wale wa mchana hawapo, wamerudi makwao Likoni na Mishomoroni na walichookota. Waliobaki wamelala chini ya mikokoteni. Hawa wanataka pa kulala. Wale wa mchana, mwenye shida ni mama aliyewatuma. Sisi tulikuwa tumeandika ombi la pesa za bweni kwa wote.

Hamali_Mstaafu

Mikindani_Mama, hiyo ya damu nimekubali. Binti wa soda bado sijamsamehe.

Bi_Mtongwe

Mzee, akija mwingine mwambie akurudishie majibu kabla ya kuondoka, usome kilichoandikwa juu yako. Ukikuta si wewe, kataa.

Chungu_Kimoja, ile hojaji mliyoibadilisha, ya chungu na ya kitendo kimoja kimoja, unayo bado? Jumatatu tunaanza Mtongwe upya, na safari hii hakuna friza.

Chungu_Kimoja

Ninayo, dada. Niko kwenye feri sasa hivi, mtandao unakatika. Nikivuka nakutumia.