Gari jipya: oili ya wakala au sintetiki ya bei kali? Leteni hoja

Mleta mada

Wakuu, kila mtu akinunua gari jipya ubishi huu unaanza upya. Wengine wanasema mpaka waranti iishe, oili imwagwe na kuwekwa mpya kwa wakala wa kampuni ya gari tu. Wengine wanasema wakala anakumiminia oili ya pipa, ya kawaida kabisa, kwa hiyo anayejali injini yake anunue sintetiki ya daraja la juu kwa mfuko wake. Nimesikiliza pande zote mbili na naona hazijibizani. Wakala ni mahali, oili ni bidhaa. Oili sahihi unaweza kuipata gereji yenye sakafu chafu, na oili ghali isiyokufaa ukaipata penye viyoyozi na kahawa.

Msimamo wangu huu hapa, mnishambulie. Fungua kitabu cha gari, ukurasa wa oili, usome vitu viwili. Kwanza mnato, mfano 0W-20 au 5W-30: namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa baridi, ya mwisho inaeleza uzito wake ikifika nyuzijoto 100. Pili kiwango, yaani alama ya ubora iliyowekwa na taasisi au kampuni ya gari, ambacho wengi hawakitazami: API SP (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani), ILSAC GF-6, dexos1, VW 504 00, MB 229.5 na kadhalika. Oili yenye vyote viwili inatosha. Isiyo navyo haitoshi, hata chupa yake ikiwa ya dhahabu.

Na neno "sintetiki" lisiwapumbaze. Mwaka 1999 kule Marekani liliamuliwa shauri la kampuni mbili za oili: Mobil alimlalamikia Castrol mbele ya chombo kinachosikiliza mashauri ya matangazo, kwamba anaita sintetiki oili iliyotoka kwenye mafuta ghafi, ila imesafishwa sana, si iliyoundwa kwa kemikali. Castrol akashinda. Ndiyo maana leo chupa mbili zinaweza kuandikwa neno lilelile huku zilizomo zikiwa zimetengenezwa kwa njia tofauti kabisa.

Halafu kuna hii ya maisha marefu. Zipo chupa zinazoahidi maili 20,000, karibu kilometa 32,000. Kitabu chako kinasema umwage kwa kilometa 10,000 au mwaka mmoja, na kwa kuwa uko ndani ya waranti huvuki hapo. Nguvu uliyoilipia unaimwaga kwenye beseni ikiwa bado hai. Nani ananiambia nimekosea?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeongea kama mtu ambaye injini yake haijawahi kugonga. Mimi yangu iligonga. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza API wala mnato. Waliuliza: "Sevisi ulifanyia wapi?" Aliyefanyia kwa wakala, kumbukumbu zake ziko kwenye kompyuta yao. Mimi nilikuja na bahasha ya risiti, moja imefutika maandishi kwa jua la kwenye dashibodi. Wiki tatu za kuzungushwa. Usimdanganye mtu kwamba ni suala la bidhaa tu.

Mleta mada

Pole sana, mkuu. Hapo kwenye risiti umenishika, nilipaswa kuanzia huko. Ila tusiwaache watu waamini kuwa kampuni ina haki ya kukataa kwa sababu hiyo peke yake. Marekani kuna sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975: kampuni haiwezi kuifunga waranti kwenye bidhaa au gereji yake, isipokuwa inakupa huduma hiyo bure. Ikitaka kukataa, ioneshe kwamba oili yako ndiyo iliyoleta madhara. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni za ushindani za 2010, unazibana kampuni zinazoweka sharti la sevisi zote kufanywa ndani ya mtandao wao. Kwingine mkataba wako ndio unaoamua, usome kabla hujakabidhiwa funguo.

Mchangiaji wa kwanza

Sheria ni ya mahakamani. Mimi nilitaka gari kesho yake asubuhi.

Mchangiaji wa pili

Nami niseme la kwangu. Sevisi ya pili kwa wakala, kabla sijapeleka gari, niliingia uvunguni nikachora alama ndogo kwa kalamu nyeupe chini ya filta. Gari likarudi limeoshwa, kwenye karatasi imeandikwa "oili na filta". Jioni nikaingia tena na tochi. Alama ipo palepale, na vumbi lake. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena: oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Niliporudi kulalamika nikaambiwa kijana alikuwa mgeni. Filta wakabadilisha, oili wakapunguza. Sasa mtu akiniambia wakala ni usalama namuuliza alishawahi kuchungulia.

Fundi

Mambo ya filta yapo kila mahali, hata gereji zetu, tusijitakase. Nati ya kumwagia oili nayo: kijana anaikaza kwa nguvu zote, mwaka unaofuata nyuzi zinatoka nayo, na washa (kipete cha kuzibia) kuukuu inavujisha. Oili ghali haikusaidii kitu ikiwa inadondoka chini tone kwa tone.

Lakini mleta mada, kwenye mnato sikubaliani nawe. Injini ileile kitabu cha nchi moja kinasema 0W-20 tu, cha nchi nyingine kinaruhusu hadi 5W-30. Chuma hakijabadilika. Kilichobadilika ni kanuni za matumizi ya mafuta, kwa sababu oili nyepesi inapunguza msuguano na kampuni inapata alama nzuri. Joto kali na mzigo mzito, mimi naweka nzito kidogo.

Mleta mada

Fundi, hilo la vitabu kutofautiana ni kweli. Ila gari likiwa ndani ya waranti unafuata kitabu kilichokuja na gari lako, si cha jirani. Ikiisha, tuongee.

Mwenye gari la tabo

Mnasahau kwamba oili "bora" inaweza kudhuru. Injini ndogo za tabo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wake: ukikanyaga mafuta mizunguko ya injini ikiwa chini, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya cheche, na pigo hilo linavunja pistoni. Ikaonekana kwamba oili zenye kalsiamu nyingi kwenye viambato vya kusafishia zinachochea. Ndipo API ikaleta SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020, yenye kipimo cha tatizo hilo. Sasa mtu anachukua oili ya mashindano, ghali kuliko zote dukani, haina hata nembo ya SP, anaimimina kwenye gari la mwaka huu. Oili ya pipa ya wakala yenye SP ingemfaa zaidi.

Wenye dizeli nao waangalie majivu yanayobaki oili ikiungua. Oili isiyo ya majivu machache inaziba chujio la moshi polepole, na chujio hilo si la kuchezea.

Mleta mada

Hii ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta. Na mimi nibadilishe kidogo: kama una hela ya ziada ya kuitunza injini, usiiweke kwenye chupa, iweke kwenye muda. Mtu wa safari fupi fupi, injini haipati moto vizuri, petroli inapenya kwenye ringi na kuchanganyika na oili. Kijiti kinaonesha oili "imeongezeka", ukinusa kuna harufu ya petroli. Huyo vitabu vingi vinamweka kwenye matumizi magumu na kumtaka amwage mapema, mara nyingi nusu ya kilometa za kawaida. Amwage mapema kwa oili ya kiwango sahihi, si lazima ile ya bei ya juu.

Mchangiaji wa pili

Sawa, na ile oili ya kiwandani, ya kwanza kabisa? Mimi niliimwaga kwa kilometa 2,000. Ilivyokuwa ikishuka juani ilimetameta kama rangi ya gari. Nikaogopa.

Mleta mada

Kumetameta kwa injini mpya ni kawaida, vyuma vinazoeana, na filta iko pale kwa kazi hiyo. Honda kwa miaka mingi imewaambia wateja waiache mpaka muda wake ufike.

Fundi

Waache waseme. Ya kwangu hainipiti kilometa 1,500.

Mchangiaji wa kwanza

Na risiti ya hiyo ya 1,500 unaiweka wapi, fundi?