Jeni haiingii kwenye bakteria wangu wa Elmenteita. Nakosea wapi?

BintiWaNjoro:
Hamjambo wenzangu. Niko Njoro, mwaka wa pili wa uzamili. Baba alifanya kazi ya ngozi Nakuru miaka mingi, akirudi jioni ananuka mayai viza. Ni ile salfaidi wanayochanganya na chokaa kung'oa nywele kwenye ngozi. Sijaisahau harufu hiyo.

Kwenye tope la ufuo wa Ziwa Elmenteita nimepata bakteria, jamii ya Bacillus, anayemea vizuri kwenye pH 10 (kipimo cha ukali wa magadi; 7 ni maji ya kawaida) na kutoa kimeng'enya cha kuvunja protini. Nilimwagia mchuzi nilimomkuzia kwenye kipande cha ngozi ya mbuzi nikakiacha usiku kucha. Asubuhi nilipangusa kwa kidole tu, nywele zikatoka, na ngozi chini haikuchubuka hata kidogo. Tatizo ni kwamba anatoa kimeng'enya kidogo mno. Nataka kumwongezea nakala ya pili ya jeni hiyo kwa plasmidi (kipete kidogo cha DNA kinachobeba jeni) niliyoitengenezea ndani ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara.

Nimempiga umeme mara 6 ili utando wake ufunguke plasmidi iingie. Kila mara cheche, paa! na seli zote zimekufa. Nikabadilisha njia, nikapata makoloni tele kwenye sahani za magadi zenye ampisilini, dawa inayopaswa kuua wasio na plasmidi. Nilifurahi sana, mpaka nikaona hata wale ambao sikuwapa plasmidi wamemea. Nisaidieni, muda unaniishia.

FundiMaabara_Kisumu:
Pole sana dada. Cheche inaletwa na chumvi iliyobaki kwenye seli. Ukiwaosha mpaka iishe, wengi wa maziwa ya magadi hupasuka. Mimi ningeachana na umeme, niwaache bakteria wapeane wenyewe. Tangu 1946 wanasayansi Lederberg na Tatum walionyesha kwamba E. coli hurithishana jeni. Hupeana kwa kugusana, na mgusano huo unaweza kuvuka hata kwenda kwa jamii nyingine.

Kazi ni kuwakutanisha mahali ambapo wote wawili wataishi. E. coli hawezi pH 10, na wako huenda asipende 7. Wachanganye juu ya kichujio, kwenye agari (rojo la kukuzia bakteria) ya pH 8.5, usiku mmoja. Hakikisha plasmidi ina kipande cha kuanzia kuhama, pamoja na kianzio cha kujinakili ambacho Bacillus anakitambua, na huyo E. coli awe na jeni za kuihamisha. Kesho yake wahamishie kwenye pH 10. Hapo E. coli hamei tena, magadi yenyewe yamekuchujia.

Ampisilini iache, inavunjika kwenye magadi. Kanamisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, inastahimili, ila chumvi huipunguza makali, kwa hiyo anza kwa kutafuta kipimo kinachomuua bakteria wako asiye na plasmidi. Na magadi uyachemshe kwenye chombo chake, uyatie mwishoni. Ukiyachemsha pamoja na sukari yanageuka kahawia.

MzeeWaLanet:
Binti yangu, kazi nzuri, na mimi nimeishi na harufu hiyo. Lakini fikiria maji machafu ya kiwanda. Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea, kinachoingia kinabaki. Njia hiyo hiyo unayotumia kumpa jeni ndiyo atakayotumia kuwapa wengine, pamoja na usugu wa kanamisini. Plasmidi iwe ya majaribio tu. Ukishaona inafanya kazi, weka nakala ya pili ndani ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria mwenyewe, na uondoe jeni ya usugu. Na kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, chini ya sheria ya 2009, kinahitajika hata kwa kazi ya ndani ya maabara.

BintiWaNjoro:
Asante kaka, na shikamoo mzee. Kibali cha maabara kipo, ila kromosomu sikuwa nimeifikiria kabisa. Nimefungua daftari: Machi nilimjaribu kwenye pH 8.5, alimea, ila alichukua siku mbili. Basi nitamtangulizia yeye kwenye kichujio, E. coli afuate siku ya pili. Jumatatu naanza na kanamisini.