Idd kubwa uani: shoka, msumeno au kisu peke yake?

MpembaWaKonde
Assalaam alaykum ndugu zangu. Idd kubwa hiyo inakuja, na mwaka huu mbuzi wetu na wa shemeji watachinjwa uani kwangu. Mchinjaji siku ile ukimngoja anakufikia alasiri, na nyama ishachemka kwa jua. Nilichonacho ni panga na kisu cha jikoni kisichokata hata muhogo. Nataka vitu vya kukaa navyo miaka, lakini pesa haitoshi kila kitu. Shoka dogo au msumeno? Visu vya mhunzi vya springi ya gari au vile vyeupe vya dukani, visivyoshika kutu? Na mama watoto anataka mashine ya kusagia nyama, ile ya mkono, kwa ajili ya kababu. Nianze na kipi?

FundiMtendeni
Wa alaykumu salaam. Anza na kinoo. Sikutanii yakhe, kisu cha bei mbaya kilichonolewa kinashinda kisu kizuri kilicho butu, na dini yenyewe imetuamrisha tunoe ili mnyama asiteseke. Ila unoe usiku wake au chumbani, si mbele ya mbuzi.

Visu vitatu vinakutosha. Cha kuchinjia kiwe kirefu na kimenyooka, kipite shingoni bila ya kukwama. Cha kuchunia kiwe kifupi, tumbo lake limebinuka, maana ncha kali ndiyo inayotoboa ngozi. Cha tatu ndicho utakachokishika kutwa nzima: chembamba, kama inchi sita, cha kutolea nyama kwenye mifupa.

Springi au cheupe? Chuma cha springi kinapata makali haraka na kinanoleka vizuri. Tatizo ni huu upepo wetu wa pwani: ukikiacha na damu mpaka magharibi, asubuhi kishaota kutu. Kioshe, kikaushe papo hapo, ukipake mafuta ya nazi. Vyeupe vina daraja zake. Vile vya rahisi vinapinda ubavuni mwa mbuzi. Vya wachinjaji wa Ulaya vinafanywa laini kidogo makusudi, ugumu wa 55 hadi 57 kwa kipimo cha Rockwell, ili uvirudishe makali kwa kuvipitisha mara chache tu kwenye fimbo ya chuma. Mimi ningechukua cha mhunzi kwa kuchinjia na cheupe kizuri kwa kutolea nyama. Mpini wake uwe wa plastiki iliyokwaruzwa, si wa mbao laini. Mkono ukishajaa mafuta utajua kwa nini.

BintiMchangani
Nyinyi mnaongea visu, sisi tunaokaa na sufuria tunaongea vipande vya mfupa! Nyama iliyokatwa kwa shoka ukiitia kwenye pilau, mgeni anatafuna sindano. Kama ni baina ya viwili, chukua msumeno. Lakini si wa seremala, wala si wa kukatia bomba, ule meno yake ni madogo mno na mafuta yanaziba mara moja. Kuna wa mifupa hasa, wa upinde, unafunguka ukaoshwa.

Mashine mwambie mama watoto asubiri, au waazime. Nyama ikiwa na uvuguvugu kano zinajizungusha kwenye kisu cha ndani, mnakaa mnafungua na kufunga tu. Inataka nyama iliyokwisha kupoa kwenye friji na kuondolewa kano zote. Kwa kababu za siku ya Idd, kisu kikali na ubao vinatosha.

MzeeMakunduchi
Wanangu, mbuzi hahitaji shoka wala msumeno ila uti wa mgongo. Mkono wa mbele haukuunganika na mwili kwa mfupa hata mmoja, umeshikwa na nyama tu. Unyanyue, upitishe kisu chini yake, umetoka. Paja lifungue mpaka kichwa cha mfupa kionekane ndani ya kikombe cha nyonga, ukate ile kano fupi ya katikati. Magoti kata kwenye kiungo. Uti nao, weka panga pahala unapotaka, kisha ligonge mgongoni kwa mchi wa kinu. Linaingia pale pale ulipoliweka, wala halirushi vipande kama shoka.

Na kuchuna ni kazi ya ngumi zaidi kuliko kisu. Chana ngozi miguuni na kifuani, halafu sukuma kwa ngumi baina ya ngozi na nyama, mnyama angali na joto.

Tumbo sasa: makali yaelekee juu, vidole viwili vitangulie ndani vikiisindikiza ncha. Ukitoboa utumbo au nyongo, hapana kisu kitakachokuokoa.

Zamani huku kwetu paa tulikuwa tukimmaliza kwa kisu kimoja kidogo. Siku hizi paa nunga analindwa kisheria, kwa hiyo asije mtu akaniuliza habari za kitoweo hicho.

KijanaWete
Mzee, na ile ya kumpuliza mbuzi kwa pampu ya baiskeli ili ngozi iachane?

MzeeMakunduchi
Ngozi inaachana kweli. Lakini pampu yako imeshinda wapi? Vumbi lote lile unaliingiza ndani ya nyama. Tumia ngumi.

FundiMtendeni
Naunga mkono ya mchi. Ila panga liwe zito, na chini pawe na gogo, si sakafu ya saruji. Ukigonga juu ya saruji umeuza makali.

MpembaWaKonde
Ahsanteni sana. Basi nimekata shauri: kinoo, kisu cha mhunzi na kile chembamba cheupe. Kuchuna mkazo ni ngumi, kwa hiyo cha tatu kitangoja. Msumeno naacha, mchi upo nyumbani. Gogo ndilo sina. La mwembe linafaa?

BintiMchangani
La mwembe ni laini, litakumegekea ndani ya nyama. Tafuta la mkwaju, kaka. Ukimaliza likwangue kwa mgongo wa panga, ulisugue kwa chumvi, ulisimamishe juani. Usililoweke majini, litapasuka.

MpembaWaKonde
Mkwaju upo kwa ami yangu Micheweni, umeanguka msimu wa masika. Kesho naenda na msumeno wa seremala.