Kinyozi hajinyoi: kuongoza filamu huku mwenyewe uko ndani ya fremu

Taa_Nyekundu ameuliza:

Habari wadau. Skripti ina kurasa 22, sini (vipande vya hadithi) 17, siku 5 za kurekodi. Mwongozaji ni mimi, na mhusika mkuu pia ni mimi; nimo kwenye sini 14. Kamera moja, monita moja, timu ya watu 9. Najua kinyozi hajinyoi, lakini Charlie Chaplin na Clint Eastwood, waigizaji walioongoza filamu zao wenyewe, wamejinyoa miaka na miaka bila kujikata. Je, kila teki (kila mara tunaporekodi shoti ile ile) irudiwe kutazamwa kwenye monita? Shoti za karibu za mwongozaji zianze au zije mwisho? Na nani aseme "ekshen" na "kata" wakati mwenye kusema yuko katikati ya machozi?

Saa_ya_Seti:

Piga hesabu kwanza. Kurasa 22 kwa siku 5 ni kurasa nne na kitu kwa siku. Tuseme mnaweka kamera mara 20 kwa siku, teki 4 kila mara: hizo ni teki 80. Kuinuka, kufika kwenye monita, kutazama na kurudi mahali pako ni dakika 3 ukiwa na mbio. Zidisha, unapata dakika 240. Saa 4 za siku ya kazi ya saa 10 zimekwisha na hakuna kilichorekodiwa. Kwa hiyo jibu ni hapana. Tazama teki ya kwanza ili kuhakikisha fremu na mwanga, kisha tazama ile unayodhani ndiyo yenyewe. Basi.

Katikati hapo macho yako ni ya mtu mwingine. Asiwe mwongozaji msaidizi, maana huyo kazi yake ni saa na ratiba. Siku zote atakwambia "iko poa, tuendelee". Tafuta mtu anayeijua skripti na ambaye hakuogopi, akae kwenye monita na hedifoni masikioni. Usimwulize "imekuwaje?", atajibu "nzuri". Kabla ya kila sini mwandikie maswali matatu kwenye karatasi, ya kujibika kwa ndiyo au hapana: Nimegeuka kabla mwenzangu hajamaliza sentensi? Mkono ulioshika kikombe ulitulia? Uliamini kwamba sikujua habari ile?

Chaplin mwache pembeni. Alikuwa na studio yake mwenyewe, na aliweza kusimamisha kazi hadi wazo limjie. Wewe una siku 5. Mfano unaokufaa zaidi ni Jerry Lewis, mchekeshaji wa Marekani aliyejiongoza mwenyewe: mwaka 1960 alifunga kamera ya video kando ya kamera ya filamu ili ajione pale pale bila kusubiri filamu isafishwe. Shida hiyo leo monita imeimaliza. Imetuletea nyingine: timu nzima kujazana nyuma ya skrini na kila mtu kutoa maoni. Monita watazame watu wawili tu, watatu wakizidi.

Mshika_Klapa:

Naongezea kuhusu mtu wa kusimama badala yako, maana hapo ndipo muda mwingi hupotea kimyakimya. Awe na kimo chako na rangi ya ngozi inayokaribiana na yako, avae nguo ya rangi ile ile. Mwanga unapimwa usoni. Ukimsimamisha mtu mweupe kuliko wewe, mpiga picha ataweka taa zikae sawa kwake, halafu ukiingia wewe kila kitu kinaanza upya. Mwache apite njia yako yote huku wewe uko kando ya lenzi, na bandika utepe sakafuni kwa umbo la T kila anaposimama. Utepe huo ndio utakaoukuta ukiingia kuigiza.

Kuhusu "ekshen": asiseme mwigizaji. Clint Eastwood anajulikana kwa kutolipiga kelele neno hilo kabisa. Alizoea hivyo tangu kwenye tamthilia za televisheni zenye farasi, maana ukipaza sauti farasi walishtuka. Binadamu naye hushtuka, ila yeye hupandisha mabega tu. Kwa sini tulivu anzeni bila klapa (ule ubao wenye namba ya shoti unaogongwa mbele ya kamera): kamera inarekodi, sauti inarekodi, mwongozaji msaidizi anainua kidole, mnaanza. Klapa inapigwa mwishoni ikiwa imegeuzwa juu chini, na mhariri akiiona hivyo anajua ni ya shoti iliyotangulia.

"Kata" ndiyo hatari kubwa zaidi. Mwongozaji anayeigiza hulisema mara tu akimaliza mstari wake, kwa sauti ile ile ya mhusika, tena akiwa tayari ameshatoka kwenye uhusika. Mhariri anabaki hana pa kukatia. Wekeni sheria: baada ya neno la mwisho hesabuni sekunde 5, kisha mtu wa monita ndiye akate. Na kabla hamjahama mahali, rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo ya sauti kwenye uhariri, kila mtu amesimama alipo.

Lenzi_50:

Mpangilio wa shoti. Anza na shoti pana ya wote. Ukitoka hapo, geuza kamera kwa mwenzako, wewe ukae karibu kabisa na lenzi ili macho yake yakufuate. Huo ndio wakati pekee kwenye sini utakapoongoza kwa macho yako mwenyewe, utumie vizuri. Wewe uje mwisho.

Lakini kuna mtego. Mwongozaji mwenye huruma hujiachia dakika 20 za mwisho wa siku, uso umechoka, mwanga wa dirishani umehama. Kama dirisha limo kwenye fremu, upande unaolitazama urekodiwe kwanza hata kama ni wako; jua halingoji. Sini nzito kuliko zote iweke shoti ya pili au ya tatu ya asubuhi, timu ikiwa imeshachangamka lakini haijachoka. Na zile sini 3 ambazo haumo ziwe siku ya kwanza, saa za mwanzo. Timu ikuzoee kama mwongozaji kabla haijakuona umevaa vazi la mhusika.

Saa_ya_Seti:

Hapo kwa "wewe uje mwisho" sikubaliani kwa asilimia mia. Wapo waigizaji wanaoiva teki ya pili na kufikia ya tano wamekauka. Wengine hawaamki hadi ya sita. Anayekauka mapema atangulie, awe wewe au mwenzako. Utamjua kwenye mazoezi. Pia ukimaliza shoti zako kwanza, unabaki huru kumwongoza mwenzako bila kuwaza uso wako.

Lenzi_50:

Sawa, hilo nalipokea. Ila ukiwa nje ya fremu chunga midomo. Kosa ambalo wengi hawalioni hadi wafike kwenye uhariri ni mwongozaji kutamka kimya kimya mistari ya mwenzake. Nje ya fremu humchanganya mwigizaji. Ndani ya fremu shoti imeharibika, haitengenezeki. Sababu ni moja: anasikiliza kama anayesahihisha mtihani. Dawa ni mistari yako iwe kichwani wiki mbili kabla, maana kwenye seti kichwa kimejaa mambo ya taa, chakula na betri. Halafu jipe kazi ndani ya sini inayohitaji macho yako, kumenya chungwa, kutafuta ufunguo, chochote.

Ukitaka kumrekebisha mwenzako, usimwambie kutoka kwenye nafasi ya mhusika wako. Toka, zunguka, simama kando yake, sema kwa sauti ya chini. Mpe kitendo: "mzuie asifike mlangoni". Ukimwambia "kasirika zaidi", atakunja uso.

Taa_Nyekundu:

Shukrani sana. Na kwenye uhariri je? Mtu kujichagua mwenyewe ni mtihani.

Mshika_Klapa:

Mhariri akusanye toleo la kwanza peke yake, bila wewe chumbani, na achague yeye teki za mhusika wako. Wanaojiongoza huanguka pande mbili: wapo wanaojikata hadi mhusika mkuu anageuka mpita njia, kwa aibu tu ya kujiona, na wapo wanaong'ang'ania shoti kwa sababu ilichukua saa 3 kuipata. Eastwood na mhariri Joel Cox wamefanya kazi pamoja kwa miongo kadhaa, na faida mojawapo ya kukaa na mtu mmoja ni kwamba hakuonei haya. Toleo hilo litazame mara moja bila sauti. Usipoelewa nani anamwogopa nani, tatizo liko kwenye picha, maneno hayataliokoa.

Lenzi_50:

Jambo dogo limesahaulika. Kama mhusika anavaa miwani, yule wa kusimama badala yako aivae hiyo hiyo wakati wa kupanga taa. La sivyo, mwako wa taa kwenye kioo utaonekana baada ya wewe kuketi, na hapo mpiga picha atainua taa juu zaidi au atainua mikono ya miwani kidogo nyuma ya masikio ili kioo kiiname.