Tupeane uzoefu: ulipokuwa mjamzito au mzazi, nani alikuwa na sauti juu ya mwili wako?

Mama Kichuna: Wapendwa, leo nimepita sokoni nikakuta pemba, ule udongo wa kutafuna, zimepangwa kwenye sinia, mate yakanijaa, na mimba sina! Enzi zangu FEFO, zile dawa za kuongeza damu, zilikuwa zinalala kabatini, maana mtaa mzima unakwambia zinakuza mtoto, utapasuliwa. Pemba natafuna njia nzima. Damu ikasoma 8, na inatakiwa isipungue 11. Kliniki nilianza tumbo liko nje. Bi mkubwa alishasema mimba changa haitangazwi, watu wana macho. Nyie je?

chaurembo: Hilo la macho! Mimi hata mume nilimwambia kwa kunong'ona.

Tunu_T: Mimi kliniki ndiyo walinikimbiza. Njoo na mwenza mpime VVU wote. Mwenza mwenyewe alishabadilisha laini. Basi kalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti jirani yetu, mkewe muuza vitumbua, hadi jioni kila mtu anajua nimekimbiwa. Sikurudi hadi mimba kubwa.

Mzee wa Kazi: Mnadekezwa. Mama zetu walijifungulia shambani wakaendelea kulima.

chaurembo: Na waliozikwa hukohuko umewahesabu?

Mzee wa Kazi: Jibu hoja, acha jazba.

mama_wa_watatu: Naomba niseme langu, sijawahi kuliandika popote. Nilijifungulia ukweni. Mama mkwe alinitunza, siwezi kumsema: mtori asubuhi, uji wa pilipili manga, jioni ananikanda maji ya moto hadi napiga kelele. Tatizo mtoto akagoma kuongezeka uzito. Wifi akalitamka mbele ya wageni: "Kambemenda huyo." Yaani nimelala na mwanaume huku nanyonyesha, ndiyo mtoto kadhoofika. Jamani, mume yuko safarini tangu nijifungue! Nani atakusikiliza. Siku ya kupima, mtoto ananing'inia kwenye mzani chini ya mwembe, kilo zinasomwa kwa sauti, akina mama wanatazamana. Nikaacha kwenda. Usingizi ukakata, mtoto analala mimi macho makavu. Usiku mmoja nikasikia sauti inasema huyu si wangu, wangu yuko kisimani. Mlango nilishaufungua. Mama mkwe akanidaka kwa kanga. Asubuhi wakaita msomaji dua, wakasema jini. Baba mkwe, mzee asiyeongea kabisa, akasema huyo jini atakwenda naye hospitali. Nikalazwa, nikapewa dawa, nikarudi kuwa mtu. Mtoto yuko darasa la tatu, ana mdomo huyo!

Tunu_T: Duh. Wifi aliomba radhi?

mama_wa_watatu: Wifi? Alipozaa yeye alikuja kwangu nimkande.

Nesi Mstaafu: Ukisikia sauti, au hulali hata mtoto akilala, ni hospitali siku hiyohiyo, msingoje arobaini. Dua endeleeni nayo wodini. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto akikonda mleteni tutafute sababu. Na mshono haukandwi!

Mama Kichuna: Mimi nilikandwa na mshono wangu na nimepona, nesi.

Nesi Mstaafu: Mungu alikuwa macho, bibie.

Mzee wa Kazi: Hapo kwenye kisima nimenyamaza. Wangu kajifungua juzi, analia bila sababu. Nimpikie nini?

chaurembo: Ahaa, shambani kumeshindikana? Usiku beba mtoto wewe, yeye alale. Asubuhi mtori.

Nesi Mstaafu: Kilio kikipita wiki mbili, mlete.

Tunu_T: Na supu ya pweza.

Mama Kichuna: Pweza atakunywa nani, yeye au mzazi? Mtori, tena wa mshare, usije ukampikia ndizi za kuchoma.